Je, Bakteria Huzoea Dawa?

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Swali lililonifanya nishike kalamu mwaka huu lilizuka bwenini usiku mmoja, taa zikiwa zimekwisha kuzimwa. Mwenzetu mmoja alikuwa akikohoa mfululizo na kulalamika kwamba koo linamwasha. Akasema kwamba ana siku mbili akimeza kapsuli alizonunua mjini Maua, lakini nafuu haioni. Mara sauti ikatoka kitanda cha juu: "Hizo mwili wako umeshazizoea. Jaribu hizi zangu, zilibaki wakati ule nilikuwa mgonjwa." Kapsuli nne zikapita mkono kwa mkono gizani. Sote tuliona ni ukarimu wa kupigiwa mfano.

Kesho yake katika kipindi cha Baiolojia nilisimama nikamwuliza mwalimu kama ni kweli kwamba mwili huzoea dawa za namna hiyo. Mwalimu hakujibu. Badala yake alituuliza sisi: "Ni nani anayezoea? Ni mwili, ni dawa, ama ni bakteria? Na huko kuzoea maana yake ni nini?" Darasa likanyamaza zii. Makala haya ni jibu nililolitafuta baada ya aibu hiyo. Nimeliandika kwa Kiswahili kwa sababu swali lenyewe tuliliuliza kwa Kiswahili.

MAZINGIRA YA UKUAJI

Hebu tuanze jikoni. Nyanya akitaka kuchachusha uji, huutia ndani ya kibuyu na kukiweka karibu na meko. Uji huchachuka upesi. Akikisahau kibuyu pembeni katika baridi ya milima ya Nyambene, atangoja zaidi. Viumbe wanaochachusha uji ni wale wale, na unga ni ule ule. Kilichobadilika ni joto. Joto, chakula, hewa, maji, asidi, msongamano na sumu zilizopo: hayo ndiyo tunayoita mazingira ya ukuaji.

Katika maabara, bakteria anayechunguzwa zaidi ni E. coli, mkaazi wa matumbo yetu. Akiwekwa katika mchuzi wenye chakula cha kutosha na joto la nyuzi 37, hujigawa mara mbili kila baada ya dakika 20 hivi. Chukua kalamu uhesabu. Baada ya saa moja, mmoja amekuwa 8. Baada ya saa kumi, ikiwa chakula hakijapungua, mmoja huyo amekuwa zaidi ya bilioni moja. Chakula kikiisha, ukuaji husimama; wengi hawafi mara moja, bali hukaa wakivumilia njaa. Kumbuka jambo hilo la njaa, tutalirudia.

MAKOSA YA KUNAKILI

Kila bakteria anapojigawa, lazima anakili DNA yake yote ili kila mtoto apate nakala. DNA ya E. coli ina herufi takriban milioni 4.6. Ni kama mwanafunzi anayenakili notisi za rafiki yake, tena kitabu kizima, kwa dakika chache. Bakteria ana vimeng'enya vya kunakili na vingine vya kusahihisha, na kazi yao ni safi ajabu. Katika hali nzuri, kosa moja tu hupatikana katika kila nakala elfu moja hivi za kitabu kizima. Kosa lililobaki bila kusahihishwa ndilo badiliko la jeni, au mutesheni.

Makosa mengi hayana athari, mengine humdhuru bakteria mwenyewe, na machache mno humfaidi mahali fulani. Kwa mfano, herufi moja ikibadilika katika jeni fulani, dawa inaweza kukosa mahali pa kushika. Sasa rudi kwenye ile bilioni yetu. Kosa moja katika nakala elfu moja ni jambo dogo, lakini katika nakala bilioni moja ni makosa milioni moja! Katika umati huo, mwenye kosa la kumwokoa kutoka kwa dawa anaweza kuwamo tayari, hata kama dawa yenyewe bado iko dukani.

JARIBIO LA MWAKA 1943

Lakini ngoja. Tunajuaje kwamba alikuwamo tayari? Pengine ni dawa iliyomfundisha. Swali hili liliwasumbua wataalamu kwa miaka mingi, hata wanasayansi wawili waliokimbilia Marekani kutoka Ulaya, Salvador Luria wa Italia na Max Delbrück wa Ujerumani, walipolijibu mwaka 1943. Wao hawakutumia dawa. Walitumia virusi wanaoua bakteria.

Walichofanya ni hiki. Walikuza E. coli katika tyubu nyingi ndogo, kila tyubu ikianza na bakteria wachache tu. Kisha walimwaga kila tyubu juu ya kisahani chake kilichojaa virusi, wakahesabu bakteria waliosalimika.

Wazia wanafunzi wa darasa wanaonakiliana notisi, mmoja akimpa wa pili, wawili wakiwapa wengine wawili, na kuendelea. Kosa likiingia katika daftari la kwanza, litaonekana katika madaftari yote yaliyotoka humo. Likiingia katika daftari la mwisho, litabaki humo peke yake. Kwa hiyo, ikiwa makosa hutokea ovyo wakati wa kunakili, tyubu nyingi zitakuwa na wastahimilivu wachache au zisiwe na hata mmoja, na tyubu chache zitakuwa na wengi kupindukia. Lakini ikiwa ni virusi wanaowafundisha bakteria pale kisahanini, basi visahani vyote vingetoa hesabu zinazokaribiana, kwa kuwa wote wamepewa somo moja kwa wakati mmoja.

Matokeo? Hesabu zilitofautiana kama mbingu na ardhi. Visahani vingine vilikuwa vitupu, vingine vilijaa. Mabadiliko yalikuwa yametokea kabla ya bakteria kukutana na virusi. Mwaka 1952 Joshua na Esther Lederberg walikazia jibu hilo kwa kipande cha mahameli. Waligusisha mahameli kwenye kisahani chenye makundi ya bakteria, kisha wakakigusisha kwenye visahani vingine vyenye sumu, kama mtu anayepiga muhuri. Wastahimilivu waliota mahali pale pale katika kila kisahani. Walipowatafuta ndugu zao katika kisahani cha kwanza, ambacho hakikuwahi kuguswa na sumu, waliwakuta nao ni wastahimilivu!

Basi ile hoja ya bwenini ikawa imeanguka. Bakteria hafundishwi na dawa. Dawa huwaua wasio na lile kosa na kumwachia mwenye nalo uwanja mzima. Atazaana mpaka ajaze nyumba, nasi tunasema, "Wamezoea."

MTU ALIYEPITIA ENTEBBE

Kwa miaka arobaini na zaidi vitabu vya shule vilifungia hapo. Kisha akaja mtu wa kuchokoza nyuki. John Cairns alikuwa daktari Mwingereza aliyegeukia utafiti, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 alifanya kazi hapa kwetu Afrika Mashariki, katika taasisi ya utafiti wa virusi iliyoko Entebbe, Uganda. Ndiyo taasisi ambayo watafiti wake waligundua virusi vya Zika mwaka 1947. Mwaka 1963 Cairns alijipatia sifa kwa kupiga picha zilizoonyesha kwamba kromosomu ya E. coli ni duara.

Mwaka 1988, yeye na wenzake Julie Overbaugh na Stephan Miller walichapisha makala katika jarida la Nature. Hoja yao ilikuwa hivi: Luria na Delbrück walitumia virusi wanaoua papo hapo. Mtu anayeuawa papo hapo atajifunza lini? Tumpe bakteria shida isiyoua upesi. Tumpe njaa.

Walichukua E. coli ambao jeni yao ya kutumia sukari ya maziwa, yaani laktosi, ilikuwa na kosa. Wakawaweka kwenye visahani ambavyo chakula pekee kilikuwa laktosi hiyo hiyo. Ni kama kumfungia mtu ndani ya ghala la mahindi mabichi bila moto wala sufuria. Bakteria hawakuweza kukua, wala hawakufa mara moja. Siku zikapita, na kila siku makundi mapya yakaota, ya bakteria ambao jeni yao ilikuwa imerekebika. Tena badiliko jingine walilolipima, ambalo halikuwa na faida yoyote pale, halikuonekana likiongezeka. Cairns na wenzake wakathubutu kusema kwamba huenda bakteria ana njia fulani ya kuchagua badiliko analolihitaji.

Lo! Ubishi uliozuka haukuwa mdogo. Kama ni kweli, basi bakteria "huzoea" kwa maana ile ile ya bwenini.

GIZA HALICHAGUI KOSA

Wanasayansi hawakumaliza ubishi kwa kupigiana kelele. Walirudi maabara. Katika miaka ya 1990 makundi kadhaa, pamoja na la Patricia Foster na la Susan Rosenberg, yalichunguza aina nyingine ya E. coli wenye njaa ya namna hiyo. Kufikia mwaka 1997 ilionekana wazi kwamba katika bakteria hao, jeni nyingine zisizohusiana na laktosi zilikuwa zimebadilika pia. Njaa haikuwa imechagua jeni ya laktosi. Makosa yalikuwa yametapakaa huku na huku, na lile la laktosi ndilo tulilolitambua kwa kuwa ndilo lililompa mwenyewe chakula. John Roth na wenzake walitoa maelezo mengine: kwamba baadhi ya bakteria hao hukua polepole wakiwa na nakala nyingi za jeni mbovu, na kadiri nakala zinavyozidi ndivyo nafasi ya mojawapo kurekebika inavyozidi. Pande zote mbili zilikubaliana kwamba bakteria hana jicho la kuona kesho.

Hata hivyo Cairns hakutoka mikono mitupu. Uchokozi wake uliwalazimisha watu kutazama vizuri zaidi mazingira, na wakakuta kwamba mazingira hubadilisha KIASI cha makosa.

Turudi kwa mwanafunzi wetu anayenakili notisi. Akiwa mezani mchana, ameshiba, atakosea mara chache. Mpe koroboi inayofifia, tumbo tupu na kengele inayokaribia kulia, atakosea mara nyingi. Lakini je, giza limechagua akosee neno gani? La hasha! Giza huongeza makosa, halichagui kosa. Atakayechagua ni mtahini, baadaye, kwa kalamu nyekundu.

Kwa bakteria, koroboi inayofifia ni nini? Nitataja mambo matatu.

Kwanza, njaa na majeraha ya DNA. DNA inapoharibika, bakteria huwasha mfumo wa dharura ambao wataalamu waliupa jina SOS, kama ishara ya meli inayozama. Mfumo huo huleta, pamoja na mafundi wengine, vimeng'enya vinavyoweza kunakili mahali palipoharibika, lakini kwa makosa mengi. Ni fundi wa haraka: nyumba haianguki, ila ukuta umepinda. Njaa nayo huamsha jeni za uvumilivu zinazoongeza matumizi ya fundi huyo.

Pili, msongamano. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, walionyesha kuwa E. coli wakikua wakiwa wamesongamana, kila mmoja hupata mabadiliko machache ya kustahimili rifampisini kuliko wakikua wakiwa wachache. Kumbe hata idadi ya majirani ina neno!

Tatu, dawa kidogo. Mwaka 2010 James Collins na wenzake katika Chuo Kikuu cha Boston walichapisha matokeo ya kuwapa bakteria antibiotiki kwa kiasi kisichotosha kuwaua. Bakteria waliobaki hai walipata mabadiliko ya jeni kwa wingi kuliko kawaida, na baadhi yao wakastahimili hata dawa nyingine ambazo hawakuwa wamepewa. Dawa kidogo ilikuwa imefanya kazi mbili: kuzidisha makosa, na kisha kuwapendelea wenye makosa yenye faida. Hiyo ndiyo koroboi na kalamu nyekundu katika mkono mmoja.

Nisikudanganye, msomaji. Kisahani cha maabara si mwili wa mtu, na kiasi cha ongezeko hutofautiana kwa dawa na kwa bakteria. Tena ustahimilivu mwingi hauletwi na mutesheni mpya. Bakteria huazimana jeni zilizo tayari, wakipeana vipande vya DNA viitwavyo plasmidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 na Samuel Kariuki wa taasisi yetu ya KEMRI pamoja na wenzake ulionyesha kuwa bakteria wa homa ya matumbo wanaostahimili dawa nyingi nchini Kenya walikuwa hasa wa ukoo mmoja uitwao H58. Lakini iwe jeni imekosewa au imeazimwa, mwenye nayo huneemeka palipo na dawa iliyotumiwa vibaya.

HESABU YA KIFUA KIKUU

Mfano ulio wazi kuliko yote umefanyiwa kazi hapa Afrika Mashariki. Bakteria wa kifua kikuu ni mvivu. Humchukua karibu siku nzima kujigawa mara moja. Lakini pango moja ndani ya pafu la mgonjwa linaweza kuwa na bakteria milioni 100. Takriban mmoja kati ya kila milioni moja huwa tayari na badiliko la kumkinga na dawa ya isoniazidi. Gawanya: wastahimilivu 100, kabla mgonjwa hajameza tembe ya kwanza! Ukimpa isoniazidi peke yake, unawapalilia hao 100 shamba.

Sasa ongeza rifampisini, ambayo mstahimilivu wake ni mmoja kati ya milioni 100 hivi. Wa kustahimili zote mbili kwa pamoja atakuwa mmoja kati ya trilioni 100. Katika pango letu hatarajiwi kuwamo. Ndiyo maana kifua kikuu hutibiwa kwa dawa kadhaa kwa pamoja.

Je, mbona miezi mingi? Hapa mazingira ya ukuaji yanarudi. Baadhi ya bakteria hawa hukua, wengine husinzia mahali penye asidi au hewa haba, na dawa nyingi hazimpati aliyesinzia. Zamani matibabu yalichukua miezi 18 au zaidi. Mwaka 1972 matokeo ya majaribio ya watafiti wa Afrika Mashariki na Uingereza, yaliyofanywa na wagonjwa wa eneo hili letu, yalichapishwa katika jarida la Lancet. Yalionyesha kuwa rifampisini au pirazinamidi ikiongezwa kwenye streptomisini na isoniazidi, miezi 6 yaweza kutosha, kwani dawa hizo mbili huwafikia hata wavivu. Wagonjwa wa nchi hizi walisaidia kuipa dunia nzima matibabu mafupi. Hilo ni jambo la kujivunia. Ni jambo la kusikitisha pia mtu anapoacha dawa mwezi wa pili kwa kuwa kikohozi kimepoa, akiwaacha waliosinzia waamke.

TUNARUDI BWENINI

Sasa naweza kumjibu mwalimu. Mwili hauzoei antibiotiki. Dawa haizoei mtu. Bakteria mmoja mmoja naye hazoei kwa kujifunza. Umati wa bakteria hubadilika, kwa sababu makosa hutokea bila mpango, mazingira magumu huyazidisha, na dawa huchagua atakayerithi nyumba.

Na yule mwenzetu wa kukohoa? Alipopelekwa kuonwa na daktari, aliambiwa kuwa kikohozi chake kilikuwa cha virusi, na antibiotiki haiui virusi. Kapsuli zote alizomeza, za kununua na za kupewa, zilikwenda kuwasumbua bure bakteria wa matumbo yake, ambao hawakuwa na kosa. Akapona mwenyewe kwa kupumzika na kunywa maji.

Ile sauti ya kitanda cha juu ilikuwa yangu. Zile kapsuli nne zilibaki kwa sababu nami niliacha kuzimeza nilipoona homa imepungua, kinyume cha nilivyoagizwa. Kwa hiyo nilikosa mara mbili: kwanza kwa mwili wangu, pili kwa rafiki yangu. Nilidhani natoa msaada, kumbe nilikuwa nikigawa koroboi.

Wasomaji wenzangu, tusinunue kapsuli mbili mbili kama peremende. Tusigawane dawa. Tusiweke akiba ya "wakati mwingine." Tumeze tulichoandikiwa, kwa kiasi na kwa siku tulizoandikiwa, na tukiwa na shaka tumwulize mwenye ujuzi. Mdharau mwiba mguu huota tende.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Bakteria mmoja hujigawa kila dakika 20. Watakuwa wangapi baada ya saa 4? Baada ya hapo, eleza kwa nini hesabu hiyo haiwezi kuendelea kwa siku tatu.

2. Katika jaribio la mwaka 1943, tyubu 10 zilitoa wastahimilivu 0, 1, 0, 0, 64, 2, 0, 1, 0 na 3 (hesabu hizi ni za kubuni). Je, zinaunga mkono wazo la kufundishwa au wazo la makosa ya kunakili? Toa sababu.

3. "Giza huongeza makosa, halichagui kosa." Fafanua kauli hii ukitumia bakteria wenye njaa ya laktosi.

4. Mtu anakwambia, "Mimi dawa hii nimeizoea, haifanyi kazi." Mwandikie barua fupi ya kirafiki ukimweleza ni nini hasa kinachoweza kuwa kimetokea.

Swali la nne ndilo lenye alama nyingi. Mimi tayari nimeandika barua yangu, na nimeiweka chini ya mto wa kitanda cha chini.